Chungu cha Kwenda Hospitali

Nilipobeba mimba ya pili, kila mtu katika nyumba ya mume wangu alikuwa na neno kuhusu mahali nitakapojifungulia, isipokuwa mimi. Baba mkwe alikuwa nalo. Mama mkwe alikuwa nalo. Hata jirani aliyekuja kuazima panga alikaa, akatafuna punje mbili za kahawa, akatoa neno lake, akaondoka bila panga. Tumbo nililibeba mimi, na ndizi walizokula wakinijadili nilizimenya mimi.

Hayo yalikuwa Kaagya, miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nilizaliwa Buhembe, pembeni mwa mji wa Bukoba, nikasoma shule ya wasichana ya misheni upande wa Muleba, kisha nikaolewa na mwalimu. Nasema mwalimu kwa hasira hadi leo. Asubuhi aliwafundisha watoto wa watu kwamba maji ya kunywa yachemshwe na mgonjwa apelekwe hospitali asicheleweshwe. Jioni, nikimuuliza juu ya mkewe, alikuna kichwa na kusema, "Ngoja tumsikie mzee."

Mzee ndiye baba yake. Alikuwa Mlutheri wa siku nyingi, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na rubisi yake, pombe ya ndizi, aliiita togwa kila mchungaji alipopita. Hakuwa mtu mbaya. Ila katika ukoo wake kulikuwa na jambo moja lisilogeuzwa, naye ndiye alikuwa mlinzi wake. Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma lilizikwa kibanjani, katika shamba la migomba linaloizunguka nyumba, shinani mwa mgomba. La mtoto wa kiume lilizikwa kwenye mgomba wa pombe, la wa kike kwenye mgomba wa kupika. Mwenye nyumba alizika mwenyewe, peke yake, na sisi wengine tuligeuza nyuso. Tangu siku hiyo mgomba ulikuwa wa mtoto, na mkungu wake wa kwanza ulikuwa wa watu wa nyumba ile tu, mgeni haonjeshwi.

Mtoto asiye na mgomba hakuwa na pa kusimama. Siku ya kugawa kibanja wenzake wangemuuliza, "Wako uko wapi?" naye angekosa cha kuonyesha. Na kila mtu alijua kwamba hospitalini kondo hutupwa shimoni pamoja na pamba chafu. Kwa hiyo mwanamke wa nyumba ile alizalia nyumbani, basi. Mimi sikuidharau desturi hiyo. Mama yangu alinionyesha mgomba wangu Buhembe nikiwa bado sijui kutembea vizuri, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiusalimia. Lakini nilikuwa nimeshajifunza bei yake.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kama walivyotaka. Uchungu ulinishika Jumatatu asubuhi. Jumanne mchana shangazi wa mume wangu, ambaye ndiye aliyewazalisha wake wa nyumba ile, alitoka nje akasema mambo yamemshinda, nipelekwe. Machela ilikuwapo, imeegemezwa ukutani. Wabebaji walikuwapo, wameshafunga viuno. Baba mkwe akaita wazee. Wakaketi uani, nikiwasikia kwa masikio yangu mwenyewe, wakizungusha kikapu cha kahawa na kuulizana kama mtoto wa kwanza wa mwana wa kwanza anaweza kuzaliwa ugenini, na je, kondo lake litarudije. Walizungumza kwa adabu sana. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Wakiwa bado wanapeana nafasi ya kusema, mtoto alitoka, wa kiume, amechoka kabisa, na jua halikuzama naye.

Kondo lake lilizikwa barabara, shinani mwa mgomba wa pombe nyuma ya jiko. Yeye mwenyewe walimzika hatua mbili kutoka hapo. Mama mkwe aliniambia nisilie mno, maana yeye alikwisha kuzika watatu. Nilimchukia kwa neno hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia sikuomba ruhusa. Nilitangaza. Nilisema nitajifungulia hospitali ya misheni kule Muleba, ambako mkunga mmoja alikuwa amenitangulia madarasa mawili shuleni, na atakayetaka kunizuia anifunge kamba. Hawakunifunga kamba. Walifanya kitu kibaya zaidi, walianza kujadili.

Shangazi alisema hospitalini mwanamke hulazwa chali mbele ya wageni kama mbuzi wa harusi. Yule jirani wa panga alisema watoto wa hospitali hukua wakaidi, kwa kuwa mtu wa kwanza wanayemwona ni mtu wa kanzu nyeupe asiyewahusu, na tangu hapo hawamheshimu yeyote. Ndugu mmoja wa mzee, ambaye hakuwahi kufika Muleba, alitueleza jinsi Muleba kulivyo. Mume wangu alisikiliza yote haya akiitikia kwa kichwa, kila mtu na zamu yake, kama anayesahihisha madaftari.

Nikamtumia mama yangu ujumbe, nikidhani atakuja kunitetea. Akaja kwa miguu kutoka Buhembe, amevaa vizuri, akasalimia watu wote mmoja mmoja, akakaa, akakunja mikono, akasema, "Mtoto wangu aje azalie kwangu. Hospitali ya mjini iko karibu, na migomba ninayo."

Kelele zilizozuka hapo sizisahau. Kwamba kondo lizikwe Buhembe! Mtoto awe wa Buhembe! Mama akauliza kwa nini, Buhembe kuna ukoma gani? Baba mkwe akasema hakuna aliyetaja ukoma. Mama akaondoka bila kumaliza chakula. Nilimwita nikiwa na tumbo langu la miezi saba, naye hakugeuka. Hata yeye, mama aliyenizaa, hakuja na mimi kichwani. Alikuja na kibanja chake.

Jioni ile nilifunga mzigo wangu, nikauweka katikati ya mlango. Kwetu mwanamke akifunga mzigo haelezi, kila mtu anajua kwamba anarudi kwao, na kwamba litakalofuata ni aibu. Siku tatu mzigo ulikaa pale. Siku tatu watu wazima waliuruka wakiingia na wakitoka, na hakuna aliyeutaja. Baba mkwe aliuruka kila asubuhi akiwa na kofia kichwani, akinisalimia juu yake, "Umeamkaje, mwanangu?" kana kwamba mlango umekuwa na mzigo tangu ulipojengwa. Mume wangu alikuwa akiusogeza kidogo kwa mguu ili apitishe baiskeli, halafu anaurudisha mahali pake. Anaurudisha! Ningeweza kumpiga.

Siku ya nne mama mkwe alirudi kutoka sokoni na chungu kipya. Alikitua uani mbele ya mzee.

"Aende," alisema. "Nitakwenda naye mimi. Na kilicho chetu nitarudi nacho humu."

Baba mkwe alikitazama chungu.

"Kina mfuniko?" aliuliza.

"Kina, waitu," alijibu kwa heshima.

"Basi."

Ndivyo lilivyokwisha. Miezi mizima ya kahawa na maneno, ikamalizwa na chungu. Watu walinipongeza, nami nilikaa nimenuna, kwa sababu nilijua hospitali ile itasema nini. Niliona mama mkwe ameniletea kikwazo kingine, safari hii cha udongo.

Tuliondoka mapema, mwezi mzima kabla, kwa lori la kahawa kutoka mjini. Hospitalini wanawake waliongoja siku zao walikaa katika banda la kupikia nyuma ya wodi. Mama mkwe akajifanya malkia wa banda lile. Alichagua mafiga, alisahihisha mchuzi wa wengine, na aliwauliza wanawake wasiomjua maswali ambayo hata mimi nisingewauliza ndugu zangu. Mkunga aliponilaza kitandani, chungu kilihamia chini ya kitanda. Mkunga alikipiga teke kwa bahati mbaya mara ya kwanza. Mara ya pili nadhani haikuwa bahati mbaya.

Binti yangu alizaliwa asubuhi, kuku wakiwa wanalishwa nje. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Mkunga alikitoa kwa vidole viwili, haraka, huku akiniuliza habari za mwalimu wetu mmoja wa zamani. Kule Kaagya jambo hilo lingeitiwa wazee. Mtoto alilia, kilio cha hasira, na mimi nikamwambia, lia, una haki.

Mama mkwe akaingia na chungu.

"Haiwezekani, mama," mkunga alisema. "Limeshakwenda shimoni, limemwagiwa chokaa. Ni sheria ya hapa, hatumpi mtu."

"Hamumpi mtu yeyote?"

"Yeyote."

Nilifumba macho. Nilimkasirikia mkunga kwa chokaa yake, nikamkasirikia mama mkwe kwa chungu chake, nikajikasirikia mwenyewe kwa kudhani kwamba mtoto akishatoka salama mambo yamekwisha. Mtoto alikuwa hai kifuani pangu, naye tayari hakuwa na pa kusimama. Mama mkwe hakubisha. Aliinama, akachukua kutoka kwenye beseni kile kitambaa changu kilicholowa damu, akatoka nje. Nikajua amekwenda kulia.

Baadaye kidogo niliinuka kwenye kiwiko nikachungulia dirishani. Hakuwa analia. Alikuwa amechuchumaa kando ya njia ya hospitali, anachimba ule udongo mwekundu kwa kijiko cha kupakulia, anaulowanisha, anaukanda kama ugali, anaufunga katika kitambaa changu. Alipomaliza aliuweka ndani ya chungu, akakiinua kupima uzito wake, akakishusha, akaongeza udongo.

Aliporudi nilimuuliza, "Mae, unafanya nini?"

"Narudi na kilicho chetu."

"Ule ni udongo!"

"Kitambaa ni chako na damu ni yako. Si uongo mtupu."

Sijui kwa nini, katika yote yale, nilichoona kigumu ni kazi kufanywa nusunusu. Nikamwambia, "Basi si bora ungetia hata kipande cha ini."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama msomi. "Nyama mbwa watafukua. Tumia akili, bojo."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba habari ya mbwa alikuwa ameifikiria zamani. Nilimbana, akakiri bila aibu. Mke wa jirani yetu alizalia pale mwaka juzi, na mama mkwe alijua tangu Kaagya kwamba hawatoi kitu. Alijua siku anakichagua chungu sokoni. Mwanamke ambaye nilimchukia mwaka mzima alikuwa ameninunulia uongo wenye mfuniko, na hakuniambia, maana alisema uso wangu hauwezi kuficha hata njaa.

Tulirudi kwa lori lilelile, mimi na mtoto, yeye na chungu mapajani. Mwanamke mmoja Mwislamu wa mjini Bukoba, mtu wa biashara, aliketi mbele yetu, akakitazama chungu njia nzima.

"Samli hiyo, mama, unauza?"

"Siuzi."

"Ya Muleba ni nzuri sana. Nionjeshe tu."

"Haionjwi. Ni ya ukoo."

Mwanamke yule akaguna, akasema kumbe Wahaya wana uchoyo wa samli, na hakutuaga aliposhuka. Mama mkwe hakutabasamu hata kidogo. Mimi nilimfunika mtoto uso kwa khanga, nikajifunika na wangu pia.

Kaagya baba mkwe alikipokea chungu kwa mikono miwili, amevua kofia. Alichukua jembe akaingia kibanjani peke yake. Tuligeuza nyuso kama desturi. Alikaa huko kitambo, kuliko nilivyopenda, na moyo wangu ulikuwa unapiga hadi mtoto akaamka. Aliporudi alinawa mikono, akasema, "Limekaa vizuri," akaomba togwa yake.

Mgomba wa binti yangu ulishika. Mkungu wake wa kwanza tuliula, watu wa nyumba tu, na mzee alisifu utamu wake, na mimi na mama mkwe tulitazama sahani zetu. Hapo nilidhani nitatulia. Lakini nani angetulia na mzee yule? Alianza kutembea akijisifu. Kanisani, sokoni, kwenye vilabu, alieleza jinsi alivyowaweza watu wa misheni. "Wengine wanazalia huko na kupoteza chao," alisema. "Sisi tunazalia huko na chetu kinarudi. Ni kupanga tu." Ni kupanga! Mke wa mwanawe wa pili alipobeba mimba, hakuna aliyeita wazee. Mzee mwenyewe alimtuma mtu sokoni akanunue chungu. Nilimfundisha shemeji yangu yule mambo ya udongo na kitambaa, naye alikwenda akarudi mara mbili. Ikawa desturi ya nyumba, na watu wakaisema kana kwamba iliachwa na mababu. Hakuna aliyetamka uongo kwa mdomo. Tulikuwa tunabeba tu.

Kisha mwana wa mwisho akaoa kutoka kijiji cha Kibeta, binti wa mwinjilisti. Msichana yule hakuweza kumdanganya hata kuku kwamba anampa mtama. Nilimweleza habari za udongo. Alinisikiliza, akasema ataliombea. Nikajua tumekwisha.

Alirudi kutoka hospitali mchana, mtoto wa kiume mgongoni, chungu mkononi, akikining'iniza kwa vidole viwili, chepesi kabisa, kila mwenye macho aliona. Alipiga magoti mbele ya mzee uani.

"Tata," alisema, "chungu ni kitupu. Walikataa."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anachambua maharage, na mikono yake ilisimama. Mume wangu alikuna kichwa. Nilimfikiria mtoto yule mgongoni, kisha wa kwangu wa kike aliyekuwa anacheza chini ya mgomba wake, kisha watoto wote ambao migomba yao ingefukuliwa siku hiyo.

Baba mkwe alivua kofia. Alikipokea chungu kwa mikono miwili, akakishikilia kidogo.

"Kizito hiki," alisema.

Akachukua jembe akaingia kibanjani. Yule binti alifungua mdomo, nami nikamkanyaga mguu. Tukageuza nyuso.

Alipotoka nilimpelekea maji ya kunawa, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake. Alinyoosha mikono, nikawa namimina. Udongo wetu wa kibanja ni mweusi kwa samadi na nyasi, ulikuwa unateremka vidoleni mwake.

"Huyu ni mvivu," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe angalau ulitia udongo. Mwekundu, wa huko huko. Hapa Kaagya hatuna mwekundu kama ule."

Maji niliyamimina miguuni pake badala ya mikononi.

"Ulijua, tata?"

"Nitakosaje kujua? Si mimi ninayezika?"

Nikakumbuka siku ile ya chungu. Hakuuliza kama hospitali itakubali. Aliuliza kama kina mfuniko.

"Kwa nini, basi?" nilisema. "Siku ile ya kwanza, kwa nini—" Hakuhitaji kuambiwa siku ipi.

Alitazama mikono yake. "Siku ile waliniuliza mbele ya wazee," alisema. "Mtu anajibuje mbele ya wazee? Hakuna aliyeniletea chungu."

Nimekasirika mara nyingi maishani, na nusu ya hasira hizo nimezitumia kwa watu wa nyumba ile. Hii haikuwa na mahali pa kwenda. Nisingeweza kumpigia kelele mzee ambaye ametoka kuwaokoa watoto wetu kwa kuzika chungu kitupu. Nisingeweza kumshukuru pia. Machela iliegemea ukutani siku ile, wabebaji walikuwa wamefunga viuno, na kilichokosekana kilikuwa mtu mmoja wa kumdanganya kwa heshima. Nilimimina maji hadi yakaisha, naye akaendelea kuweka mikono pale, chini ya birika tupu.

Kibanja kile kina migomba mingi ya watoto. Wa binti yangu umesimama juu ya udongo mwekundu wa Muleba, na ya watoto wa shemeji vilevile, na wa mjukuu wa mwinjilisti haujasimama juu ya kitu. Yote inazaa vizuri, na hakuna atakayewauliza wenyewe lolote. Katika watoto wa wake wa nyumba ile wa siku zetu, mgomba wenye kondo la kweli shinani ni mmoja tu, ule wa pombe nyuma ya jiko, na mwenyewe amelala hatua mbili kutoka hapo.